Hesabu Mbele ya Mungu na Mbele ya Watu

Bwana Yesu aliwakataza wafuasi wake kutoa sadaka kwa kujionyesha. Alitaka zawadi ya mtu iwe siri kati yake na Baba wa mbinguni, hata mkono wake mmoja usipate habari za mwenzake. Fundisho hilo ni takatifu. Lakini wako watu waliolitumia vibaya, nao husema: “Kazi ya huruma haihitaji daftari. Mtu akiwatibu maskini kwa mapendo, ya nini kumwuliza fedha zilikokwenda? Mungu anajua, yatosha.”

Je, maneno hayo ni ya kweli? Shirika linalowatibu wagonjwa kwa sadaka za watu lina wajibu wa kuonyesha hesabu zake? Na kama wajibu upo, litoe hesabu kwa nani: kwa Mungu peke yake, kwa wafadhili walio ng'ambo, au pia kwa mama aliyelala kitandani na mtoto wake mgonjwa?

Katika mji wa Goma swali hili halimpiti mtu mbali. Mji huo uko kati ya mlima Nyiragongo na ziwa Kivu, nao umepokea misaada ya namna nyingi kuliko miji mingi ya Afrika. Misaada ililetwa mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka. Ililetwa tena baada ya tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na mara nyingine baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021. Ililetwa kwa ajili ya wakimbizi wa vita, na tena mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23 na hospitali zikajaa majeruhi. Mtoto wa Goma huzijua nembo za mashirika kabla hajajua kusoma. Ameona magari mengi yakipita. Swali analouliza baba yake ni hili: katika yote yaliyopita, ni kiasi gani kilimfikia mgonjwa?

MTOAJI NA MTUNZAJI

Kwanza yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtu akitoa kilicho chake, yeye ni mtoaji. Mtu akishika kilichotolewa na wengine ili akifikishe kwa maskini, yeye ni mtunzaji. Mtoaji ameambiwa ajifiche. Mtunzaji hakuambiwa hivyo hata kidogo. Katika Injili wakili aliyeshtakiwa kwamba anatapanya mali aliitwa na bwana wake atoe hesabu ya uwakili wake. Hakuweza kujibu kwamba mambo yake ni siri ya moyo.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inafundisha jambo hili. Kitu kilichowekwa kwa mtu huitwa amana. Na neno hilo ni ndugu wa maneno amini, imani na uaminifu. Asiyetunza amana hana haki ya kudai aaminiwe. Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya wagonjwa si mali ya mkurugenzi, wala ya daktari, wala ya padri. Hata mtoaji ameshaiachilia. Ni mali ya mgonjwa, nayo imepitia katika mikono ya watu wengine kwa muda tu. Kwa hiyo mtu akiificha hesabu yake, amemficha mwenye mali habari za mali yake.

Mtume Paulo aliyaelewa hayo vizuri. Alipokusanya mchango mkubwa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuupeleka peke yake, ingawa alikuwa Mtume naye alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Kristo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya nane, anaeleza kwamba pamoja na Tito alitumwa ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate sababu ya kuwalaumu kuhusu fedha nyingi walizozisimamia. Anaongeza kwamba shabaha yao ni kutenda yaliyo mema machoni pa Bwana na machoni pa watu vilevile. Yafaa kuliangalia sana neno hilo. Paulo hakuona kwamba kuwekewa shahidi ni kudharauliwa. Aliona kwamba shahidi ni ngao ya kazi yenyewe. Kama Mtume hakutaka kubeba mfuko wa maskini peke yake, nani mwingine atadai kuubeba peke yake?

Tena lisisahauliwe jambo la kuhuzunisha: hata kati ya wale Thenashara palikuwa na mshika mfuko, naye, kama asemavyo Yohane Mwinjili, alizoea kuiba vilivyotiwa humo. Kukaa karibu na Bwana mwenyewe hakukumkinga. Basi vazi takatifu halitoshi kuwa kufuli la kasha.

YALIYOONEKANA GOMA MWAKA 1994

Katikati ya Julai 1994 wakimbizi wapatao 800,000 waliingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache. Ardhi ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ni shida, na kuchimba kaburi pia. Watu walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Dunia ilitetemeka kwa huruma. Madaktari wakaja, ndege zikatua, mashirika mengi yakasimamisha mahema yao.

Huruma ile ilikuwa ya kweli, na watu wengi waliokolewa nayo. Lakini makambi yalikuwa chini ya watu walewale walioongoza mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Wao ndio waliosimamia ugawaji wa chakula katika sehemu nyingi. Waliongeza hesabu ya wakimbizi ili wapate zaidi, na kwa kile cha ziada wakalisha askari wao. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini, kwa kuwa lilitambua kwamba msaada wake unawapa nguvu wauaji. Wengine walibaki, wakisema kwamba mtoto mgonjwa hana hatia na hawezi kuachwa. Pande zote mbili walikuwa watu wema, na jambo lenyewe lilikuwa zito.

Goma iliwafundisha walimwengu fundisho ambalo makatekista nao wanalihitaji: moyo mwema usio na usimamizi mwema waweza kumlisha mwovu. Nia njema haifanyi mizani kuwa sawa. Mwaka uleule wa 1994 ulitangazwa Mwongozo wa Mwenendo wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada. Humo mashirika yanakubali kwamba yatatoa hesabu kwa pande mbili, kwa wanaotoa mali na kwa wanaosaidiwa. Mwaka 1996 ilitolewa taarifa kubwa ya nchi nyingi iliyopima misaada ile yote, na mwaka 1997 ikaanzishwa kazi ya kutunga kanuni za Sphere, zinazoeleza maji, chakula, makao na matibabu ya kiasi gani ni haki ya mtu aliyepatwa na maafa. Kanuni zinazotumika leo katika nchi nyingi zimezaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na makaburi ya Goma.

KUTOAMINIANA NI UGONJWA WA PILI

Miaka 24 baadaye ukaja msiba mwingine. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Ugonjwa ulianzia upande wa Beni, ukafika Butembo na Ituri, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Safari hii chanjo ilikuwapo, na dawa nzuri zilipatikana. Kwa nini basi watu walikufa kwa wingi hivyo?

Vita ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa kukosekana kwa imani. Septemba 2018 wachunguzi waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya kila wanne aliona kwamba Ebola si kitu cha kweli. Wale wasiowaamini viongozi ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda hospitali. Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo walizuiwa kupiga kura ya urais, nao wakaambiwa kwamba mojawapo ya sababu ni Ebola. Basi wengi wakauona ugonjwa kuwa hila ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kuwatumikia wagonjwa, aliuawa hospitalini Butembo.

Mauaji hayo hayana udhuru. Lakini mwenye hekima huuliza pia chuki ilipata wapi kuni zake. Watu walikuwa wamezoea kuona malaria na surua zikiwaua watoto wao bila gari hata moja kuja. Katika miaka ya 2019 na 2020 surua peke yake iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Ghafula, kwa ajili ya ugonjwa mmoja, yakaja magari ya kukodi na mishahara ya dola. Watu wakalipa jambo hilo jina: “biashara ya Ebola”. Jina hilo halikuwa uzushi mtupu. Mwaka 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya kifungo cha miaka mitano kwa kutumia vibaya fedha za Ebola, ingawa mwenyewe alikana. Na tarehe 28 Septemba 2021 tume huru ilitoa taarifa ya aibu: katika kazi ile ya kuokoa maisha walikuwapo wanaume waliowaahidi wanawake kazi wakidai miili yao. Tume iliwahesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama aliyeona mambo hayo, akakataa sindano kwa mtoto wake, amekosea katika hukumu yake. Lakini kosa hilo hakulizaa peke yake. Wale walioiba walichukua fedha, na pamoja na fedha walichukua imani. Na mtoto aliyekufa kwa kukosa chanjo amekufa kwa sababu ya wizi ule pia. Hivyo dhambi dhidi ya amri ya saba inaweza kugeuka kuwa dhambi dhidi ya amri ya tano.

Ebola ilifika Goma yenyewe Julai 2019. Mji una watu wengi sana nao umepakana na Gisenyi, kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa, na tarehe 17 Julai hatari ya kimataifa ilitangazwa. Hata hivyo waliougua mjini wakawa wanne tu. Kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo watumishi wa afya walikuwa wamekwisha kuchanjwa, maji ya kunawa yaliwekwa njiani, na walioguswa na wagonjwa walikubali kuandikwa na kufuatwa kila siku. Kukubali huko si jambo dogo. Mtu humfungulia mgeni mlango kwa sababu ya jirani anayemjua aliyesimama pamoja naye.

SHERIA YA EKLEZIA NI YA ZAMANI

Pengine mtu atafikiri kwamba mambo ya hesabu na ukaguzi yametoka kwa wafadhili wa siku hizi. Sivyo. Mtaguso wa Vienne, uliokutana miaka ya 1311 na 1312, ulisikia kwamba wakuu wa hospitali za maskini wanaziacha nyumba zibomoke, wanakula mapato yake, na kuwafungia milango wagonjwa. Papa Klementi wa Tano akatoa amri: hospitali isitolewe kuwa kama riziki ya mkleri fulani, ikabidhiwe kwa watu wenye busara na sifa njema, nao waape, waandike orodha ya mali yote, na kila mwaka watoe hesabu. Mtaguso wa Trento mwaka 1562 ulirudia kwamba wasimamizi wa hospitali, wawe makleri au walei, watoe hesabu kwa askofu kila mwaka.

Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983 inaendelea katika njia hiyohiyo. Sadaka iliyotolewa kwa ajili ya kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu (kanoni 1267). Kila chombo chenye mali kiwe na baraza la fedha, au angalau washauri wawili (kanoni 1280). Daftari za mapato na matumizi zitunzwe vizuri (kanoni 1284). Na wasimamizi wawape waamini wenyewe hesabu ya vile waamini walivyotoa (kanoni 1287). Tarehe 11 Novemba 2012 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alitoa barua yake juu ya huduma ya mapendo, akaagiza kwamba mashirika hayo yampe askofu taarifa ya fedha kila mwaka, na kwamba mishahara na gharama za ofisi ziwe za kiasi. Kwa hiyo mkuu wa dispensari ya misioni anayeonyesha daftari lake hafanyi hivyo ili kuwapendeza Wazungu. Anashika sheria ya Eklezia ambayo imekwisha kupita miaka 700.

KASHA LA KUFULI TATU

Lakini yafaa kuuliza: imani ya watu hujengwaje kwa matendo? Hapa wenye elimu waweza kujifunza kwa akina mama wa sokoni. Katika mitaa ya Goma wako wengi walioungana katika vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinavyojulikana kwa jina la AVEC. Kasha lao lina kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Kasha halifunguliwi ila mbele ya kikao. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kila mmoja anasikia. Mama asiyejua kusoma anaweza kuikumbuka jumla mpaka kikao kijacho. Hakuna anayeona kwamba anatukanwa kwa sababu ya kufuli zile. Kinyume chake, zinamwezesha kulala usingizi.

Jambo la kwanza, basi, ni kwamba mkono mmoja usishike yote. Anayeagiza dawa asiwe ndiye anayezipokea na kuzilipia. Baraza lililo juu ya shirika liwe na watu wenye uwezo wa kusema hapana, wala lisiwe mkusanyiko wa shemeji na wajomba wa mkurugenzi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari linaloandikwa na kukaguliwa na mtu yuleyule ni kama halipo.

Jambo la pili: hesabu iteremke. Katika mashirika mengi hesabu hupanda tu. Huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, hupelekwa Kinshasa, Brussels au Geneva, husifiwa huko, na mgonjwa wa Ndosho hajui hata herufi moja. Zoni za afya za Kongo zina kamati za wananchi zinazoitwa CODESA, nazo huchaguliwa na watu wa eneo. Kamati hizo zikiitwa tu siku ya kupiga picha na wageni, ni pambo. Zikionyeshwa dawa zilizofika, fedha zilizoingia na zilizotoka, kwa Kiswahili na kwa sauti, zinakuwa daraja. Bei za matibabu nazo zibandikwe ukutani, ili asiwepo wa kumwomba mgonjwa “kidogo cha kuharakisha”. Watu husema kwamba penye udhia penyeza rupia. Lakini katika wodi ya wagonjwa rupia ile ni damu ya maskini.

Jambo la tatu: malalamiko yasikilizwe bila kisasi. Waamini wenye kusema Kigiriki walipolalamika Yerusalemu kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano, wakawaambia waamini wachague wanaume saba wenye sifa njema. Huduma ya mashemasi ilizaliwa kutokana na lalamiko lililosikilizwa. Lakini sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu anayelalamikiwa halimsaidii mtu.

Jambo la nne: kosa likitokea litangazwe na mwenye nyumba kabla halijatangazwa na adui. Wakubwa wengi huficha wizi wa mtumishi mmoja kwa kusema kwamba wanalinda jina la kazi. Baada ya mwaka mmoja watu wanajua yote, na sasa wana wezi wawili wa kuwasimulia, aliyeiba na aliyeficha.

Matunda ya njia hii yameonekana katika nchi hiyohiyo. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya Kongo, mwaka 1986 hospitali ilianzisha bima ya wagonjwa. Kila jamaa ililipa mchango mdogo kwa mwaka, katika majira ambayo watu wana fedha za mavuno, kisha mgonjwa akilazwa akalipa sehemu ndogo tu. Wakati huo fedha ya Zaire ilikuwa ikishuka thamani kila mwezi, na serikali ilikuwa ikianguka. Hata hivyo baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu wa wilaya walikuwa wamejiunga. Maskini alitoa fedha zake leo kwa ajili ya ugonjwa wa kesho, kwa sababu aliijua kazi ile tangu zamani na aliona jinsi inavyoendeshwa. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa kubandika picha njiani.

MAPINGAMIZI

Yako mapingamizi matatu yanayostahili jibu.

La kwanza: “Karatasi zinakula muda wa wagonjwa.” Ni kweli kwamba wafadhili wengine hudai taarifa juu ya taarifa, na muuguzi akageuka karani. Hapo usimamizi umepita kiasi. Lakini daftari la dawa linaloandikwa kila jioni linamponya mgonjwa kama dawa yenyewe. Bila hilo hakuna anayejua kwamba kwinini imekwisha ila siku mtoto mwenye homa kali anapoletwa.

La pili: “Sisi ni watawa, watu watuamini.” Watu wa Kivu wamewaamini kweli masista na mapadri, na imani hiyo imelipiwa kwa uhai wa wengi. Lakini imani iliyorithiwa ni kama shamba lililorithiwa: asiyelilima atavuna magugu. Na mtawa mwenye hesabu safi hapotezi kitu akiulizwa.

La tatu ni zito, nalo linawahusu watu wa Goma kuliko wengine: “Palipo na watu wenye bunduki, uwazi ni hatari.” Pingamizi hili lina haki yake. Mwaka 2025, benki za mji zilipofungwa, ilibidi fedha za kazi zipite kwa njia nyingine, na aliyetangaza njia hizo angewaita majambazi. Busara ni fadhila, na kunyamaza kwa ajili ya kulinda uhai si uongo. Saa ya kuleta mshahara, njia ya gari la dawa, na jina la mgonjwa ni siri za haki. Jina la mwanamke aliyebakwa, na kabila la majeruhi, visiandikwe mahali ambapo vitamletea kifo. Lakini kiasi kilichopokelewa, kazi iliyofanyika, na jina la anayewajibika si siri za namna hiyo. Kipimo ni kimoja: siri inamlinda nani? Ikimlinda mgonjwa, itunzwe. Ikimlinda mkubwa asiulizwe, ivunjwe.

KIJANA WA FORODHANI

Watu wa Goma hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Floribert Bwana Chui alizaliwa katika mji huo mwaka 1981. Alikuwa mwana wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, naye aliwapenda watoto wa mitaani na kuwasaidia wasome. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Hapo aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite mpakani. Akakataa. Alijua kwamba chakula kile kitafika katika sufuria za maskini. Mwaka 2007 alitekwa nyara akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri, huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Kijana huyo hakuwa daktari wala hakuongoza hospitali. Silaha yake ilikuwa muhuri wa ofisini. Lakini kwa kukataa kuupiga muhuri ule mahali pasipostahili aliwakinga watu wengi na maradhi, watu ambao hawakumjua na hawatajua kamwe kwamba alikufa kwa ajili yao. Eklezia imekiri kwamba kifo hicho ni ushuhuda wa imani. Basi yule anayekaa katika stoo ya dawa, peke yake, mbele ya karatasi ya kutia sahihi, asidhani kwamba kazi yake ni ya karatasi tu. Anasimama mahali aliposimama Floribert.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni hili. Kilicho chako kitoe kwa siri. Kilicho cha maskini kitunze mwangani. Mgonjwa hana nguvu ya kuchunguza. Hajui dawa ilinunuliwa kwa bei gani, wala kama chupa ina dawa au maji. Anajiweka mikononi mwa watu akiwa mnyonge kabisa. Kwa sababu ya unyonge huo haki yake ya kuhesabiwa ni kubwa kuliko ya tajiri aliyetoa fedha. Siku ya mwisho Bwana atasema kwamba alikuwa mgonjwa. Kama ndiye mgonjwa, basi ndiye mwenye amana, na daftari linaloonyeshwa leo kitandani pa maskini limekwisha kuonyeshwa mbele yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Kuna tofauti gani kati ya mtoaji na mtunzaji? Kwa nini Mtume Paulo alikubali kuwekewa shahidi?

2. Katika dispensari au kituo cha afya cha parokia, je, bei zimebandikwa? Kamati ya wananchi huonyeshwa nini, na lini?

3. Mtu akiona dawa za maskini zinauzwa sokoni, anaweza kusema kwa nani bila kuogopa? Kama hakuna wa kuambiwa, jumuiya itafanya nini?

4. Ni siri zipi zinazomlinda mgonjwa, na ni zipi zinazomlinda mkubwa?